UZI: Tuoneshane Kilimia, Jabari, Nge na Msalaba wa Kusini kwa macho tu, bila darubini

#1 Mtoto wa Ngalawa, 18 Januari

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu na leo nimeamua kuuanzisha, maana juzi umeme ulikatika mtaani kwetu huku Kigamboni karibu saa tatu nzima, joto la Januari mnalijua, tukatoa mkeka nje mimi na binti yangu wa miaka tisa, akalala chali akaniuliza baba zile tatu zilizojipanga pale ni nini? Nikamjibu palepale, huo ni mkanda wa Jabari. Akauliza na ile nyekundu? Na ile inayowaka kuliko zote? Na kile kama unga uliomwagika? Nikajibu tatu nne hivi halafu nikaishiwa. Iliniuma sana, maana mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kilwa, mzee wangu alikuwa anarudi usiku na ngalawa hana simu hana dira, anatazama juu tu na kusikiliza mawimbi mwambani, anaupata mlango wa kuingilia. Ametangulia mbele za haki, na mimi nilikaa naye miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza vya kutosha.

Kwaiyo naombeni tufanye hivi, mi naweka ninachokijua, na ninyi mwenye jina la kwao, mwenye alichofundishwa na babu, mwenye kusoma vitabu, aweke. Tujaze.

Naanza na Jabari kwa sababu msimu huu ndo wake na hata taa za mjini hazimfichi. Toka nje saa tatu hadi saa nne usiku, angalia juu kabisa ya utosi. Utaona nyota tatu zimekaa karibu karibu kwenye mstari, zinalingana mwanga, hakuna tatu nyingine za namna hiyo angani. Huo ndo mkanda. Kaskazini ya mkanda kuna nyota ya rangi ya chungwa, Betelgeuse, hilo bega. Kusini ya mkanda kuna nyeupe yenye ubuluu, Rigel, huo mguu. Ukiongeza bega la pili na mguu wa pili unapata mtu mzima kasimama na mkanda kiunoni.

Kitu ambacho vitabu vya watoto vinatuchanganya ni kwamba vimechorwa na watu wa Ulaya, kwao Jabari akiwa juu anaonekana amesimama. Kwetu sisi anachomoza AMELALA UBAVU, bega upande wa kushoto na mguu upande wa kulia ukitazama mashariki, afu anapanda hivyohivyo mpaka utosini. Binti yangu alinionesha picha ya kitabu akasema baba mbona hafanani, nikamwambia geuza kitabu.

Mzee alikuwa na kipimo chake, mkono umenyooshwa mbele, shibiri na ngumi. Fuata mstari wa mkanda kuelekea kusini-mashariki kama shibiri moja, unakutana na nyota kali kuliko zote za usiku, hiyo wanaiita Sirius. Rudi kwenye mkanda, fuata mstari uleule upande wa pili, kaskazini-magharibi, shibiri moja tena, unakuta nyota ya chungwa, Aldebaran. Endelea mbele ngumi moja na nusu ndo unakikuta KILIMIA, kile kijifungu cha nyota ndogondogo ambacho binti yangu alikiita unga.

Na hapa ndo nina swali langu kubwa. Mzee alikuwa na msemo, nadhani wengi wa pwani mnaujua: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Nimeusikia maisha yangu yote, sijawahi kukaa chini nikauelewa. Kinazama wapi? Kinazuka lini? Anayejua anieleweshe tafadhali.

#2 Kibaigwa Juu, 18 Januari

Mkuu umenikumbusha mbali sana. Mimi wa Dodoma, kwetu giza la usiku ni giza kweli, anga lote linajaa mpaka unachanganyikiwa uanzie wapi, watu wa mjini wanadhani nyota nyingi ndo rahisi, sio hivyo, zikiwa nyingi mno hata mkanda wa Jabari unautafuta.

Bibi yangu alikuwa anatuhesabisha Kilimia. Mtoto akiona sita anaambiwa macho mazuri, akiona saba anasifiwa. Mimi nilikuwa naona sita na ndugu yangu saba, nilikuwa silali. Ukubwani nilipopata darubini ndogo ya mikono miwili, ile ya kuangalizia wanyama, nikaielekeza pale, asee, ni makumi! Nilikaa kimya muda mrefu.

Na jina lenyewe linajieleza, ni kulima. Bibi alisema Kilimia kikianza kuonekana mashariki jioni giza likiingia, mwezi wa kumi na moja, watu majembe yawe yameshatiwa mpini. Huku mvua zinaanzia hapohapo.

#3 Mwalimu Jioni, 19 Januari

Nifafanue kidogo hilo la msemo, nimefundisha jiografia miaka mingi na hili nalipenda.

Nyota zote zinachomoza kila siku dakika nne mapema kuliko jana. Dakika nne unaweza kuidharau, lakini ndani ya mwezi ni saa mbili, ndani ya mwaka ni mzunguko mzima. Ndo maana Jabari wa Januari saa tatu usiku yuko utosini, ukija Aprili saa hiyohiyo yuko magharibi anashuka. Kilimia kiko mbele yake, kwaiyo kitatangulia kuzama. Mwishoni mwa Aprili kitakuwa kinazama nyuma ya jua jioni na hutakiona tena, maana jua linapita karibu na hapo kama tarehe 20 Mei. Afu mwezi Juni kinatokea upande mwingine, mashariki, alfajiri kabla ya jua.

Sasa nawaachia kazi. Mwishoni mwa Aprili pwani kuna hali gani ya hewa? Na Juni? Msinijibu kwa kichwa, tokeni nje miezi hiyo mkaone kwa macho.

#4 Mtoto wa Ngalawa, 19 Januari

Mwalimu shikamoo. Nimeielewa nusu, hiyo nusu nyingine naifuata nje kama ulivyosema. Nitaleta majibu hapahapa panapo majaliwa.

#5 Eastlands Usiku, 22 Januari

Niaje watu wangu, naandika kutoka Nairobi. Hii thredi imenishika. Stima zikipotea huku pia ndio wakati pekee tunaona kitu. Nina swali, kila vidio ya kujifunza nyota naona wanaanza na Nyota ya Kaskazini, eti itafute hiyo kwanza ndio ujue njia. Nimeitafuta nikachoka. Ni mimi sioni ama haipo?

#6 Mwalimu Jioni, 22 Januari

Sio wewe ndugu yangu, haipo. Ile nyota inakaa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia, kwaiyo urefu wake kutoka upeo wa macho ni sawa na digrii za latitudo ya mahali ulipo. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii 1 na kidogo, imezama kwenye upeo. Dar es Salaam karibu digrii 7 kusini, huwezi kuiona hata siku moja. Panda Lodwar, digrii 3 kaskazini, kwa hesabu iko juu lakini chini mno, vumbi na vilima vinaimeza. Anayekwambia uanze na hiyo anakufundisha anga la kwake.

#7 Mkazi wa Ruwi, 23 Januari

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Muscat mwaka wa kumi na saba sasa. Huku Nyota ya Kaskazini tunaiona vizuri, iko kama shibiri moja na ngumi kasoro kutoka chini. Wazee wa baharini waliiita Jaa au Jaha, kwa Kiarabu Jah, na ndo maana Kiswahili cha zamani jaa ni kaskazini.

Na suheli ni kusini, na yenyewe ni nyota! Mkiwa hapo Dar tazameni Sirius, halafu shukeni kusini shibiri moja na nusu hadi mbili, mtaona nyota nyeupe kali, ya pili kwa mwanga angani usiku. Hiyo ndo Suheli. Kwenu inapanda nusu ya anga, huku inatambaa chini kabisa, na watu wa Ghuba wanaisubiri kwa hamu, ikianza kuonekana alfajiri kuelekea mwisho wa Agosti wanajua joto limeanza kuvunjika. Nimeshuhudia wazee wakipigiana simu kuambizana Suheli ametoka.

Ile ya Sirius kwa Kiarabu ni Shiira, imetajwa kwenye Quran, Surat An-Najm aya ya 49. Na mtoa mada, Rigel ni rijl tu, mguu. Betelgeuse ilikuwa Yad al-Jawza, mkono wa Jauza (hapo maana yake huyuhuyu Jabari), wanakili wa Ulaya waliisoma herufi ya kwanza kimakosa, ya ikawa ba, jina likapinda mpaka leo. Aldebaran ni al-dabaran, mfuasi, kwa sababu kila usiku anakifuata Kilimia nyuma. Kwaiyo mtoto akikuuliza, hayo majina ya kwenye programu ya simu mengi sio ya Kizungu, yametoka kwenye Kiarabu.

#8 Jahazi Refu, 23 Januari

Safi sana Mkazi wa Ruwi. Na usisahau Ahmad ibn Majid, yule aliyemuonesha njia Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka India mwaka 1498 kwa nyota!

#9 Mkazi wa Ruwi, 23 Januari

Ndugu yangu hiyo habari imeenea sana lakini wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali. Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee sana, na mwandishi Mreno João de Barros alisema rubani alikuwa mtu wa Gujarat. Tumpe Ibn Majid haki yake kwa aliyoyaandika. Alikuwa mtu wa Julfar, leo ni Ras al-Khaimah, akaandika Kitab al-Fawa'id, kitabu cha elimu ya kuongoza vyombo baharini, mwishoni mwa karne ya 15, na ana shairi zima la njia ya Sofala, maana yake pwani yetu aliijua.

Kifaa chao kilikuwa kamali, kipande cha ubao na kamba yenye mafundo. Unauma kamba kwenye meno kwenye fundo la bandari unayoitaka, unanyoosha, ukingo wa chini wa ubao uguse bahari na wa juu uguse Jaa. Ikilingana, umefika latitudo ya bandari hiyo, geuza chombo ufuate mstari. Wakishuka kusini mpaka Jaa imezama walipima kwa nyota nyingine za kaskazini zilizo juu zaidi, Farkadani na zile za Dubu. Walihesabu kwa isba, yaani kidole. Mzee wako na shibiri yake, mtoa mada, alikuwa kwenye ukoo huohuo wa elimu.

#10 Mtoto wa Ngalawa, 24 Januari

Wallahi nimesoma hiyo sentensi ya mwisho mara tatu. Nimemsomea na mama yangu kwa simu. Ahsante sana kaka.

#11 Mama Wawili, 2 Februari

Jamani hamjambo. Nimefuata maelekezo nikiwa na wanangu nikampata Jabari, Sirius na Kilimia usiku wa kwanza, Suheli usiku wa tatu kwa sababu ya mawingu. Naomba niongeze, Kilimia kiko hata kwenye Biblia ya Kiswahili, Ayubu 38:31, kimetajwa pamoja na Orioni, ndo huyuhuyu Jabari. Nimekuwa nasoma ule mstari tangu shule ya Jumapili sikujua ni kitu cha kutoka nje nikakitazama. Wanangu nao waliposikia tu "hivyo vya kwenye Biblia" hawakutaka kuingia kulala.

Ushauri kwa wazazi, simu iacheni ndani. Mi mwanzo nilitumia Stellarium, programu ya simu ya kuonesha nyota, kila dakika nikawa sioni kitu, mwanga wa skrini unaharibu macho. Nikaacha, dakika kama ishirini hivi macho yakazoea giza, nyota zikaongezeka mbele yangu bila kuhama nilipokaa. Sasa naangalia programu ndani kabla sijatoka, nikitoka natoka na kichwa changu tu. Tochi nimeifunga kitambaa chekundu.

#12 Nyota Njema, 3 Februari

Mimi nyota yangu ni Nge, nimezaliwa tarehe 10 Novemba. Naionaje nyota yangu sasa hivi, na ina maana gani kwa mwaka huu?

#13 Mtoto wa Ngalawa, 3 Februari

Karibu sana. La maana ya mwaka sitakujibu maana hiyo ni kazi ya wanajimu na huu uzi ni wa kutazama. Ila la kuiona hilo nalijibu kwa furaha. Nge sio nyota moja, ni kundinyota, moja ya buruji kumi na mbili ambazo wazee wa pwani walizitaja kwa mfuatano, Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Akarabu ndo Nge. Buruji ndo njia ya jua, mwezi na sayari, kwaiyo ukiona kwenye njia hiyo "nyota" kali isiyometameta, mwanga umetulia kama taa, shuku sayari, Mshtarii au Zuhura au Mirihi.

Wakati wa siku yako ya kuzaliwa jua limekaa karibu na hapohapo kwa Nge, kwaiyo mwenye Nge hawezi kuiona Nge yake vizuri siku ya kuzaliwa. Subiri Julai jioni. Nitakuita humu.

#14 Kibaigwa Juu, 14 Machi

Wakuu nimeuona Msalaba wa Kusini! Saa tatu usiku, upande wa kusini, mkubwa, nyota nne. Nimefurahi mno.

#15 Mwalimu Jioni, 14 Machi

Samahani mkuu, nakuomba uhakikishe. Kuna msalaba wa uongo unaotangulia, mkubwa zaidi na hafifu zaidi, Machi saa tatu ndo uko juu kusini. Wa kweli ni mdogo, urefu wake kama vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, mkali zaidi, una nyota ndogo ya tano pembeni, na kubwa kuliko yote, kushoto kwake kuna nyota mbili kali sana zimefuatana. Bila hizo mbili usiseme umeuona.

#16 Kibaigwa Juu, 15 Machi

Mwalimu ni kweli, nilichoona ni kile cha uongo. Nimeamka saa sita usiku nikatazama tena, wa kweli ulikuwa umeshapanda kushoto na zile mbili nyuma yake. Ukishauona wa kweli hata hushindani tena, umekaza kama umechorwa kwa kalamu.

#17 Mtoto wa Ngalawa, 27 Aprili

Nimerudi wakuu. Mvua Dar imepiga wiki nzima, njia yetu imekatika mara mbili. Leo jioni kwa dakika kumi hivi mawingu ya magharibi yalipasuka, mimi na binti tukapanda juu ya tanki la maji la jirani, tukakiona Kilimia chini kabisa, karibu hakipo, kinaingia kwenye wekundu wa magharibi. Kikafunikwa. Mvua ikarudi.

KIMEZAMA KWA MVUA. Nimeandika kwenye daftari.

#18 Mwalimu Jioni, 12 Mei

Mawingu yameanza kuachia, sasa nawapa kitu ambacho ndugu zetu wa Ulaya na wale wa kusini kabisa hawana. Wiki hizi saa tatu na nusu usiku simama sehemu iliyo wazi. Geukia kusini, Msalaba umesimama wima, kutoka Dar ni kama ngumi tatu na nusu juu ya upeo, zile mbili zinazouelekeza ziko kushoto. Iliyo mbali zaidi na msalaba kati ya hizo mbili ni Alpha Centauri, jirani yetu, mwanga wake unatembea miaka 4 na miezi kadhaa kutufikia. Chukua mti mrefu wa msalaba, uendeleze kuelekea mguuni mara nne na nusu ya urefu wake, hapo ndo ncha ya anga ya kusini. Hakuna nyota kali pale, ni patupu, ila shusha jicho wima mpaka chini, hiyo ni kusini kamili.

Sasa usisogee, geuka nyuma tu. Kaskazini, ngumi mbili hadi tatu juu, kuna nyota saba kama upawa uliopinduliwa, bakuli linamwaga chini. Hiyo ni sehemu ya Dubu Mkubwa, wanaoanza nayo Ulaya na Marekani. Dubu na Msalaba, wakati mmoja, kwa kugeuka shingo. Aliyeko London hauoni Msalaba maisha yake yote, na wa Melbourne haupati upawa huo. Sisi tumekaa katikati, tunapewa vyote.

Ukitaka zaidi fuata mpini wa upawa ulivyopinda, utapanda mpaka nyota ya chungwa, Arcturus, endelea na mpindo huohuo mpaka karibu na utosi unakuta nyeupe, Spica. Hiyo ndo Sumbula, suke la nafaka.

#19 Msukuma wa Minnesota, 13 Mei

Nathibitisha hilo kutoka huku Marekani. Miaka sita sijauona Msalaba. Huku Jabari nilikuwa namuona Januari, baridi kali, amesimama wima upande wa kusini juu ya theluji kama mgeni, sio yule anayelala ubavu akichomoza juu ya ziwa kule Mwanza. Mara ya kwanza nilimtambua kwa mkanda tu. Nilisimama nje mpaka masikio yakauma.

#20 Eastlands Usiku, 16 Mei

Nimetoka nje ya mji kwa mjomba, Kajiado. Nimeona zote mbili pamoja, mbele na nyuma. Mjomba ni mtu wa ng'ombe, amekaa kwa hiyo nyasi miaka sitini, akanisikiliza nikieleza, halafu akaanza kunionesha zake. Nimerekodi sauti dakika arobaini, nikishaandika vizuri nitaleta hapa kwa ruhusa yake.

#21 Mtoto wa Ngalawa, 16 Mei

Tafadhali sana usiipoteze hiyo rekodi. Inakili sehemu mbili.

#22 Jahazi Refu, 30 Mei

Nyongeza ndogo, mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliruhusu kila nchi ipe jina nyota moja na sayari yake. Ya Tanzania ni nyota WASP-71, iko kundinyota la Nyangumi, sasa jina lake rasmi ni Mpingo, na sayari inayoizunguka ni Tanzanite. Kwa macho haionekani, inataka darubini, lakini ipo.

#23 Mtoto wa Ngalawa, 21 Juni

Wakuu.

Leo niliamka saa kumi na nusu. Nilikuwa nimepanga nisimuamshe binti kwa sababu ya shule lakini nilipofungua mlango nikamkuta kakaa sebuleni na sweta, alikuwa ameshaamka kabla yangu. Tukaenda mpaka ufukweni, ni mwendo wa dakika chache. Kusi inavuma, baridi kidogo, anga kavu, hakuna wingu hata moja, wiki ya tatu sasa hatujaona mvua. Tukatazama mashariki kuelekea kaskazini kidogo, juu ya bahari, kama ngumi moja hivi. Yeye ndo alikiona kwanza. Akasema baba kimerudi.

Kilizama na mvua, kimezuka na jua. Na mwezi wa kumi na moja mambo yanageuka, alfajiri kinazama magharibi kabla jua halijachomoza na jioni kinazuka mashariki na vuli, kama bibi wa Kibaigwa alivyosema. Tulihesabu. Mimi sita, yeye saba.

Wavuvi walikuwa wanarudi saa hizo. Mzee mmoja akashusha jarife akatukuta tumenyoosha mikono tunapima, akauliza mnatafuta nini wanangu, nikamwamkia nikamwambia Kilimia, akageuka akatazama mara moja tu, hata hakutafuta, akasema "kile pale, kimetoka siku kumi sasa." Nimechukua namba yake. Jumamosi naenda kumsikiliza, na binti ameshaandika maswali kumi na moja kwenye daftari.

#24 Mama Wawili, 21 Juni

Nimesoma nikiwa kwenye daladala nimelia. Muulize na mzee kuhusu ule mwanga mweupe unaokatiza anga, wao wanauitaje.

#25 Mwalimu Jioni, 9 Julai

Nyota Njema, zamu yako. Toka saa mbili na nusu usiku, tazama kusini-mashariki juu sana, kutoka Dar ni zaidi ya nusu ya anga. Kuna nyota nyekundu, Antares, huo ndo moyo wa Nge. Mbele yake nyota tatu za wima ni kichwa na magando, nyuma yake mstari wa nyota unashuka kusini halafu unajikunja kama ndoano, mwisho nyota mbili zimekaribiana, huo mwiba. Kati ya makundinyota yote hili ndo linalofanana na jina lake. Kushoto ya mwiba kuna nyota zimekaa kama birika la chai, hiyo ni Kausi, na pale mdomo wa birika unapomwagia ndo upande ulipo moyo wa Njia Nyeupe, galaksi yetu. Ukiwa kijijini utaona kama moshi unatoka pale.

Na Jabari usimtafute jioni hizi, Nge akiwa juu Jabari yuko chini ya dunia.

#26 Nyota Njema, 10 Julai

Nimeiona mwalimu. Nimeiona yote, mpaka mwiba. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya kupanga, nikawaita na wapangaji wenzangu wanne.

#27 Mtoto wa Ngalawa, 12 Julai

Hongera dada yangu. Yule mzee wa jarife nimeshakaa naye Jumamosi tatu, ana majina ambayo sijayaona popote na mengine nataka nihakikishe kwanza na wazee wengine wawili wa Kilwa ili nisije nikaandika nilivyosikia vibaya. Naomba na wa Lamu, Pemba, Mafia, Mtwara, Bagamoyo mtuulizie wazee hasa majina ya nyota zile mbili za Msalaba. Mkipata andikeni na mahali mlipolipata, kijiji au kisiwa tu inatosha, jina la mtu acheni.